Nimepata daraja la pili, uhandisi nimekosa. Jirani wa daraja la tatu kaingia

Shikamoo Mama Mshauri,

Natumaini hujambo na kazi zinaendelea vizuri. Mimi ni binti wa miaka 20, natokea kijiji kimoja mkoani Geita. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati. Barua hii naiandika usiku wenzangu wakiwa wamelala, maana nyumbani kwetu siku hizi neno chuo likitajwa tu, watu wanaanza kurushiana maneno.

Matokeo yangu ni Fizikia D, Kemia C, Hisabati ya juu E. Pointi 12, daraja la pili. Siku yalipotoka baba alichinja kuku akaita majirani. Baba yangu ni fundi umeme wa mtaani. Aliishia darasa la saba, umeme alijifunza kwa kumfuata fundi mmoja mjini, na tangu REA, wakala wa umeme vijijini, walipofikisha nguzo kwetu yeye ndiye anayefunga waya kwenye nyumba nyingi za huku. Nikiwa shule ya msingi nilikuwa namshikia ngazi na kumpa bisibisi. Kijiji kizima kinaniita Injinia. Mwenye duka akinikopesha sukari, kwenye daftari anaandika "Injinia, kilo moja".

Niliomba vyuo viwili na kote niliweka uhandisi wa umeme kuwa chaguo la kwanza. Mfumo wa chuo kimoja ulinikatalia palepale kwamba sina sifa. Wa pili ulinikubalia kuichagua kozi hiyo, lakini majibu ya awamu ya kwanza yametoka wamenipa ualimu wa sayansi, Kemia na Fizikia. Kile chuo kingine wamenipa shahada ya sayansi upande wa kemia. Uhandisi, hakuna.

Shida ikaanzia hapo. Kuna kijana wa jirani tuliyesoma naye shule ya msingi. Yeye amepata daraja la tatu, pointi 13: Fizikia C, Hisabati D, Kemia S. Amechaguliwa uhandisi wa ujenzi chuo cha serikali. Baba hakubali kabisa. Anasema haiwezekani wa daraja la tatu aingie na wa daraja la pili aachwe, lazima kuna mkubwa amempa mtoto wake nafasi yangu. Anataka kuuza ng'ombe wawili aende Dar es Salaam "kufuatilia". Nikimwambia kwamba Hisabati ndiyo imeniangusha, ananijibu, "Wewe uangushwe vipi na karatasi yenyewe imeandika daraja la pili?" Naomba unielewe mama, hata mimi mwenyewe sijui vizuri kwa nini imekuwa hivi. Nina pointi nzuri kuliko yule kijana.

Baba mdogo yuko Mwanza, ni mtumishi wa serikali. Yeye ndiye aliyenisaidia michango, nauli na mahitaji ya bweni miaka yote miwili. Anasema nithibitishe ualimu haraka, nichukue mkopo, halafu nikishakuwa ndani nihamie uhandisi taratibu. Kila akipiga simu husema, "Cha muhimu ni kuingia getini."

Mama anataka niende diploma ya umeme kwenye chuo cha ufundi. Binti wa dada yake alipita huko na sasa anafanya kazi mgodini. Lakini baba aliposikia neno diploma alisema hakumsomesha mtoto miaka sita sekondari ili akakae dawati moja na waliotoka kidato cha nne juzi.

Halafu kuna jamaa aliyenipata WhatsApp, anasema ni wakala wa vyuo vya India na huko pointi za TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, hazitazamwi. Anataka shilingi laki tatu za kuanzia. Baba mdogo hajui habari hizi. Baba anazijua, na nimeona ameanza kumuuliza yule jamaa maswali.

Mimi moyoni nafikiria kurisiti Hisabati. Shuleni kwetu kidato cha tano karibu chote hatukuwa na mwalimu wa somo hilo. Alikuja kijana wa kujitolea aliyekuwa akisubiri ajira, akafundisha vizuri sana, kisha ajira yake ikatoka akapangiwa mkoa mwingine. Mada zilizobaki tulisoma kwa kunakili madaftari ya shule za wenzetu. Lakini naogopa. Nikirudia nikapata E ileile, nitamtazama nani usoni? Rafiki zangu wananiambia hesabu kama hazipandi hazipandi, na kukaa nyumbani mwaka mzima ni kupoteza mwaka.

Ujumbe wa TCU wenye namba ya kuthibitishia uko kwenye simu yangu na siku zilizobaki ni chache. Nifanye nini?

Binti wa PCM, Geita

JIBU

Marahaba mwanangu. Hongera kwanza, maana naona kwenu pongezi ziliishia kwa wale kuku. Umepata daraja la pili la PCM katika shule isiyokuwa na mwalimu wa Hisabati.

Nikikuelewa sawasawa, una mambo mawili yaliyoshikana. La kwanza ni kozi: uhandisi umekosa, na mbele yako kuna ualimu, kemia, diploma, kurudia mtihani, na huyo bwana wa India. La pili ni nyumba yenu. Baba anaamini umeibiwa, baba mdogo anaamini kuna mlango wa nyuma, mama anaamini kuna njia ndefu iliyo salama, na wewe umekaa katikati umeshika simu yenye namba ya kuthibitisha. Nianze na swali la baba, kwa sababu ni swali la haki na umesema hata wewe hulijui jibu lake.

Pointi 12 za kwenye matokeo yako na pointi zinazotazamwa chuoni ni hesabu mbili tofauti, na zinakwenda kinyume. NECTA, Baraza la Mitihani, inapopanga madaraja, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Zinajumlishwa za masomo yako matatu, na mwenye pointi chache ndiye bora. Wewe una 4 ya Fizikia, 3 ya Kemia na 5 ya Hisabati, jumla 12. Daraja la pili linaanzia 10 na kuishia 12, kwa hiyo umeingia kwa mwisho wake. Kijana wa jirani ana 3, 4 na 6, jumla 13, akaangukia mwanzo wa daraja la tatu. Mpaka hapo baba yuko sahihi: umempita.

Sasa njoo upande wa TCU. Huko A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Mwenye nyingi ndiye bora. Na kwa kozi nyingi hawajumlishi masomo yote matatu. Wanatazama mawili tu, yale yanayoibeba kozi unayoiomba, na kiwango cha chini kabisa cha kuingia shahada ni pointi 4.0 kutoka katika hayo mawili. Uhandisi wa umeme, kama zilivyo kozi nyingi za uhandisi, unabebwa na Hisabati ya juu na Fizikia. Kijana ana C ya Fizikia na D ya Hisabati: 3 na 2, jumla 5. Wewe una 2 na 1, jumla 3. Kemia yako iliyokuinua kwenye daraja, hapa haikuhesabiwa. Kemia yake iliyomshusha, hapa haikumdhuru. Hakuna mtu aliyekula nafasi yako.

Kwa baba yako ningetumia vifaa vyake mwenyewe. Anajua kwamba waya mmoja unapimwa volti na unapimwa ampea, na namba hizo mbili hazifanani wala hakuna iliyo ya uongo. Daraja ni kipimo kimoja, sifa ya kozi ni kingine. Mwoneshe kwa karatasi, matokeo yako na ya kijana yakiwa sambamba, na pembeni ukurasa wa kozi hiyo kutoka kitabu cha mwongozo cha TCU kinachotolewa kila mwaka na kupatikana bure kwenye tovuti yao. Asipoelewa mara ya kwanza, rudia. Hata watu wenye digrii zao hesabu hii inawachanganya.

Nina neno zaidi juu ya baba. Amefunga umeme nyumba za kijiji kizima bila cheti mkononi. Mtu wa namna hiyo akiona karatasi rasmi imeandika daraja la pili, anaiamini kuliko sisi tulioyazoea makaratasi. Hasira yake naisikia, na sidhani kwamba yote ni juu yako. Kwa njia, na hili nalitaja pembeni tu, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Wanapimwa na kupewa cheti. Siku moja mambo yakitulia, mtajie.

Baba mdogo umemwelezea kwa upendo na anastahili. Ila ushauri wake una tundu. Kuhama kozi ukiwa chuoni kunaruhusiwa kwa aliye na sifa za ile kozi anayohamia, na sifa hizo ni zilezile zilizokukatalia leo. E yako ya Hisabati itaingia getini pamoja na wewe. Kwa hiyo ukithibitisha ualimu, thibitisha kwa sababu uko tayari kuusoma ualimu mpaka mwisho. Ukiuchukua kama kituo cha kusubiria basi, ukaupokea na mkopo kisha ukaacha baada ya mwaka, fedha ulizopokea zinabaki kuwa deni lako Bodi ya Mikopo, na ili uombe tena chuo kingine lazima kwanza ujiondoe kwenye udahili wa zamani.

Je, ualimu wenyewe ni mbaya? Umeutaja kana kwamba ni adhabu, na sijui kama hayo ni mawazo yako au ya kijiji kinachokuita Injinia. Sitakuambia kwamba kwa kuwa ulikosa mwalimu basi uwe mwalimu. Hoja hiyo inafaa risala za mgeni rasmi. Nitakachokuuliza ni kuhusu Kemia. Umepata C. Ndiyo alama yako ya juu kuliko zote, shule ileile, bweni lilelile, na katika barua yako yote hukusema neno juu yake. Uliipenda? Uliielewa au uliikariri? Ni swali la kweli, maana kozi zote mbili ulizopewa zimesimama juu ya somo hilo. Upande wa pili wa sarafu unaujua: yule kijana aliyewafundisha vizuri alikuwa akisubiri ajira, na wako wengi wanaoisubiri kwa miaka.

Kabla ya kwenda mbele, hebu rudi kwenye alama zako tufanye hesabu moja ambayo sidhani kama mtu amekufanyia. Kemia C ni 3, Hisabati E ni 1. Jumla 4.0 kamili. Kozi za uhandisi hazifanani zote. Zipo zinazoegemea kemikali, na zipo za mambo ya mazingira na maji, ambazo safu ya sifa zake kwenye mwongozo haiandikwi kama ya umeme. Nyingine huihesabu Kemia. Chukua mwongozo, pita chuo kwa chuo, kozi kwa kozi, uisome ile safu neno kwa neno. Dirisha la awamu inayofuata likifunguliwa unaweza kuomba. Sikuahidi kitu. Pointi 4.0 ni ruhusa ya kupiga hodi tu. Ndani wanapangana kwa ushindani, na kozi ikiwa na waombaji wengi wenye pointi 7 na 8, mwenye 4.0 hubaki barazani. Na jiulize kama unachotaka ni uhandisi wowote ule au ni umeme wa baba.

Sasa kurisiti, ambako moyo wako uko.

Ushindani huo wa pointi unagusa na hapa. Ukirudia Hisabati peke yake ukapata D, Fizikia ikabaki D, unafika 4.0, pale pale hodini. Ili uwe na nafasi ya maana unahitaji C au zaidi, au kupandisha na Fizikia pia. Lakini Fizikia ina mtihani wa vitendo. Mtahiniwa wa kujitegemea lazima apate kituo chenye maabara na muda wa kufanya mazoezi humo, jambo ambalo kijijini si rahisi. Hisabati haina maabara. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufanyika miezi mingi kabla ya mtihani wa Mei na anayechelewa hulipa faini, kwa hiyo ulizia vituo vya Geita au Mwanza mapema. Cheti chako cha sasa hakifutwi. Kile kipya kinakuwa cha pili. Swali la kuviuliza vyuo unavyovitaka, kwa maandishi, ni kama vinapokea alama za vikao viwili vilivyounganishwa kwa kozi ya uhandisi.

Wenzako wanasema hesabu kama hazipandi hazipandi. Hilo linapimika. Tafuta karatasi za miaka iliyopita za Hisabati ya juu. Karatasi ya kwanza ina maswali kumi na yote ni lazima, kila moja alama kumi. Mada moja ambayo hukufundishwa inaondoka na swali zima. Gawa maswali mafungu mawili: mada alizowafundisha yule kijana wa kujitolea, na mada mlizonakili kwenye madaftari ya watu. Kaa chini siku mbili tatu uyafanye bila kuchungulia majibu, umwombe mtu anayejua asahihishe. Ukikuta fungu la kwanza unalipata vizuri na la pili unabaki unaitazama karatasi, basi E yako inaeleza zaidi habari za shule kuliko habari zako, na kutoka alama arobaini na kitu kwenda sitini ni kazi ya mwaka mmoja kwa mtu mwenye mwalimu. Ukikuta hata yale uliyofundishwa vizuri yanakukataa, hilo nalo ni jibu, tena la thamani, kwa sababu uhandisi hauachani na Hisabati getini. Utaikuta mwaka wa kwanza, utaikuta wa pili, na kwenye diploma vilevile.

Kuna jambo ambalo wanaoshauri kurudia mtihani hawalitaji kwa mabinti. Mwaka huo utausomea wapi? Nyumbani kwenu, wewe ni binti mkubwa aliyemaliza shule. Maji, jiko, shamba, mgonjwa wa kuuguzwa, vyote vitakuita kabla ya kitabu, na posa nazo huanza kubisha. Hapo mwaka unaweza kupotea kweli. Mwaka huohuo ukiwa Mwanza kwa baba mdogo, karibu na kituo cha masomo ya ziada, una sura nyingine. Lakini yeye ndiye huyo anayetaka uthibitishe ualimu, kwa hiyo usipange kukaa kwake kichwani mwako tu. Mwombe.

Suala la mkopo lisikutishe kwa mwaka mmoja. Bodi huwatazama waliomaliza kidato cha sita ndani ya miaka mitano, nawe utakuwa ndani yake.

Diploma nayo, baba ameihukumu haraka. Wapo wahandisi wengi wa nchi hii waliopita njia hiyo. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo cha Ufundi Arusha zimejenga jina lao kwa kuzalisha mafundi sanifu muda mrefu, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kilianza maisha yake kikiwa chuo cha ufundi. Ukitoka kidato cha nne diploma ni miaka mitatu. Aliyemaliza kidato cha sita, kwa baadhi ya vyuo na kozi, anaweza kuanzia ngazi ya tano na kuokoa mwaka. Mwongozo wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, unaonesha wapi. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha pia wanafunzi wa diploma katika fani zilizopewa kipaumbele, kwa hiyo tazama kama umeme wa chuo unachokitaka umo. Baadaye, ili uingie digrii, TCU inataka wastani wa GPA 3.0 pamoja na angalau D nne za kidato cha nne, na vyuo vingine hupandisha hapo juu zaidi.

Hatari zake? Urefu, kwanza. Miaka miwili au mitatu ya diploma, kisha minne ya digrii. Kurisiti ni mwaka mmoja na minne. Ukiteleza GPA ikawa 2.8, mlango wa digrii unafunga. Na kuna lingine ambalo sijui kama ni hatari au heri: wengi wakishapata kazi ya fundi sanifu, yenye mshahara na watoto wa kusomesha, digrii wanaiahirisha mpaka wanaisahau. Binti wa mama yako mkubwa aliye mgodini angekuambia mwenyewe kama anajutia. Mpigie. Muulize anafanya nini siku nzima, wanaume wa pale wanamchukuliaje, na wenye digrii wanafanya nini ambacho yeye haruhusiwi kufanya. Dakika ishirini za simu hiyo zitakupa mengi kuliko mimi.

Kuhusu kukaa na watoto wa kidato cha nne, mwambie baba kwamba darasani kwa yule fundi wa mjini naye hakuulizwa umri. Au usimwambie, unamjua kuliko mimi.

Bwana wa India. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Vyuo halali vya India vinavyopokea Watanzania vipo, na wapo waliosoma huko wakarudi na vyeti safi. Lakini India wenyewe watoto wao hukeshea mtihani uitwao JEE kwa miaka ili wapate uhandisi. Anayesema huko alama za Hisabati na Fizikia hazitazamwi ana bidhaa anayoiuza. Anayekwenda kusoma nje hutakiwa kupata hati ya TCU ya kutokuwa na pingamizi, na anaporudi shahada yake hupelekwa TCU kutambuliwa. Huko kote matokeo yako ya kidato cha sita yanakwenda nawe. Bodi ya Usajili wa Wahandisi nayo haisajili shahada isiyotambulika. Kabla ya shilingi moja kutoka, mwulize jamaa jina la chuo, ulichunguze TCU, na umwombe barua kutoka chuoni moja kwa moja. Akianza kukuharakisha, umeshapata jibu. Baba mdogo naye alijue hili leo, na aambiwe na wewe kabla hajasikia kwa mwingine.

Inabaki ile namba iliyo kwenye simu. Una vyuo viwili vilivyokupokea, na usipothibitisha kimoja ndani ya muda uliowekwa, nafasi zote zinaondoka. Kuthibitisha kunakulindia kiti. Kutothibitisha kunakuacha huru kuomba tena awamu ijayo, au kurisiti, au diploma, lakini bila kiti. Ukithibitisha kisha ukabadili nia kabla ya kusajiliwa chuoni, upo utaratibu wa kujiondoa. Uulize chuo husika mapema muda wake unaishia lini, usije ukafungiwa katikati. Wapo pia wanaosoma kozi waliyopewa huku wakirisiti Hisabati pembeni. Inawezekana, ingawa Mei ni katikati ya muhula, na wengi walioshika vitu viwili namna hiyo huvifanya vyote nusunusu. Wewe unajijua uvumilivu wako.

Kitu kimoja sikukiona kwenye barua yako, mwanangu. Umenieleza anachotaka baba, baba mdogo, mama, jirani na wakala. Ulichokisema juu yako ni kwamba ulimshikia baba ngazi. Ulipokuwa pale chini, jicho lako lilikuwa kwenye waya, ukijiuliza kwa nini taa ya huku inawaka swichi ikiwa kule? Au ulikuwa unamtazama baba? Usiharakishe kujibu, na majibu yote mawili ni mazuri. Yanapeleka tu sehemu tofauti.

Ukae na wazazi wote wawili kwa pamoja, baba mdogo akiwa kwenye simu, sauti ikiwa ya wote. Mkianza kwa ile hesabu ya pointi, suala la kuibiwa litapungua makali, na nadhani mtaweza kuzungumzia mengine bila kelele. Omba ng'ombe wasiuzwe mpaka mazungumzo hayo yaishe, kwa sababu njia yoyote mtakayoichukua itahitaji nauli, ada ya usajili au godoro la hosteli.

Ukishazipitia zile karatasi za Hisabati, niandikie tena. Nataka kujua maswali uliyoyapata yalikuwa ya fungu lipi.